Mwanangu amemaliza pesa za kikundi kwenye gemu: zinaweza kurudi?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Walukuba, Jinja, na ninauza vitenge sokoni. Mimi ndiye mweka hazina wa kikundi chetu cha wanawake cha kuzungushiana pesa. Michango hukaa kwenye laini yangu ya simu mpaka siku ya kumkabidhi mwenye zamu. Wiki iliyopita nilikuta shilingi 640,000 hazipo. Kijana wangu wa miaka 11, yuko darasa la sita, alikiri kwamba tangu likizo ianze amekuwa akinunua almasi, ile sarafu ya ndani ya gemu, kwa ajili ya gemu ya kupigana risasi, leo elfu tano, kesho elfu ishirini. Namba ya siri anaijua kwa sababu yeye ndiye hunisaidia kutuma pesa jioni. Maandishi madogo siyaoni vizuri. Ujumbe wa malipo alikuwa akiufuta. Baba yake anataka kuivunja simu na kumpeleka mtoto polisi akatishwe. Mimi nataka kujua kama pesa zinaweza kurudi, na nitalizuiaje jambo hili, maana bila simu sina biashara.

Jibu: Pole sana, mama. Nianze na pesa, maana hilo halingoji.

Sehemu yake inaweza kurudi. Yote, sidhani, na sitaki ukae ukiitegemea. Kitakachorudi hakitategemea mtoto alicheza gemu gani, kitategemea pesa ilitoka kwenye laini yako kwa njia gani. Gemu ile ile moja inaweza kulipiwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina mtu wake wa kudaiwa. Kwa hiyo mwambie mzee aiache simu nzima, na gemu nayo isifutwe kwanza. Ndani ya hiyo gemu kuna historia ya ununuzi, kuna namba ya mchezaji inayoitambulisha akaunti ya mtoto, na kwenye WhatsApp ya simu hiyo hiyo huenda kuna mazungumzo na muuzaji. Ukivunja simu leo, kesho utakwenda kudai huku huna hata karatasi moja ya kuonyesha.

Usiku huu badilisha namba ya siri ya pesa, wewe mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, hata ikibidi kuazima miwani ya jirani. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wa mtoto yeyote, huo ndio wanaoujaribu kwanza. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, uhesabu alama za vidole zilizosajiliwa. Kidole cha mtoto kikiwa humo, na programu yako ya pesa ikiwa hufunguliwa kwa kidole, kubadilisha namba ya siri peke yake ni kazi bure.

Kesho nenda kituo cha huduma cha kampuni yako ya simu, siyo kwa wakala wa kibandani, ukiwa na kitambulisho cha taifa. Omba taarifa ya miamala yote tangu shule zifungwe. Mtoto alifuta ujumbe kwenye simu, hakufuta kumbukumbu za kampuni. Kwenye karatasi hiyo utaona tarehe, kiasi, namba ya muamala na jina la aliyepokea. Chukua kalamu uweke alama kwenye kila mstari usioutambua, na ukae na kijana kando yako akusaidie kukumbuka. Usimpige kabla ya zoezi hili, unahitaji kumbukumbu yake.

Katika mistari hiyo, tazama kwanza majina ya watu. Kwa ninavyoona mimi, watoto wetu hapa Uganda hupitia zaidi njia hii kwa sababu rahisi: hawana kadi za benki. Kijana fulani, yuko Kampala au yuko mtaa wa pili kutoka kwako, anatangaza kwenye kundi la WhatsApp au TikTok kwamba anauza almasi. Mtoto anatuma pesa kwa simu, anampelekea picha ya skrini na namba ya mchezaji, na baada ya dakika chache almasi zimeingia. Kwa gemu kama Free Fire muuzaji hahitaji hata nywila, namba ya mchezaji inamtosha. Hakuna duka lililouliza umri, hakuna mtu mzima aliyebonyeza kukubali. Ndiyo maana nacheka kidogo ninaposoma ushauri wa mtandaoni unaoanza na kuishia kwenye mipangilio ya Google. Ushauri huo umeandikwa kwa nyumba ambazo pesa hukaa kwenye kadi. Nyumba zetu pesa hukaa kwenye laini.

Njia hii ina uzuri mmoja. Laini zimesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo aliyepokea ana jina na ana namba. Mpigie wewe mwenyewe, kwa sauti ya kawaida ya sokoni, kama unayemdai mteja aliyechelewa. Mwambie aliyekuwa akinunua kwake ni mtoto wa miaka 11, kwa pesa ya kikundi cha wanawake, na kwamba orodha ya miamala unayo mkononi. Usianze na vitisho. Wapo watakaorudisha kidogo kidogo ili jina lao lisiharibike kwenye makundi yao, na wapo watakaokukatia simu.

Akikukatia, ujue sheria inasema nini. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inamtambua mwenye miaka 18 na kuendelea kuwa ndiye mwenye uwezo wa kufunga mkataba, na imeacha nafasi fulani kwa aliyefika 16. Mtoto wa miaka 11 hayumo kabisa. Tena tunao utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambapo dai lisilozidi shilingi milioni 10 husikilizwa kwa haraka, tena bila wakili. Muuzaji aliye hapa hapa nchini unaweza kumwita huko. Hoja yako itapata nguvu ukionyesha kwamba alijua, au alipaswa kujua, kwamba anafanya biashara na mtoto. Ukikuta kwenye mazungumzo yao kijana ameandika "subiri mama alale", ipige picha sentensi hiyo na uitunze kwenye simu nyingine.

Kundi la pili la mistari litakuwa na jina la kampuni usiyowahi kuisikia. Hiyo mara nyingi ni kampuni ya kati inayokusanya malipo kwa niaba ya maduka ya mtandaoni. Mtoto huingia kwenye tovuti ya kuongeza almasi, huchagua Uganda, huandika namba yako ya simu, na kisanduku hujitokeza kwenye skrini yako kikitaja kiasi na kudai namba ya siri. Akiiandika, biashara imekwisha. Hapa nitakuwa mkweli: kampuni ya simu itakuambia kwamba namba sahihi ya siri iliingizwa, na kwa masharti ya huduma hiyo mteja ndiye mlinzi wa namba yake. Hoja hiyo ni ngumu kuivunja. Usiseme "pesa zangu zimeibiwa na mtandao", kwa sababu watachunguza na kukuta si kweli, na hata lile la kweli ulilo nalo litadharauliwa. Sema lilivyo: mtoto alitumia namba yangu bila ruhusa, naomba muamala upingwe na mpokeaji aandikiwe. Wakati huo huo iandikie huduma ya wateja ya tovuti hiyo na ya gemu yenyewe, ukitaja namba ya muamala na namba ya mchezaji. Penye matumaini ni kwa almasi ambazo bado hazijatumika, na kwa malipo ya siku chache zilizopita. Ya mwanzo wa likizo, mama, yahesabu kuwa yamekwenda.

Kundi la tatu ni Google au Apple wenyewe, ikiwa uliwahi kuunganisha kadi na akaunti ya simu. Wafanyabiashara wengi wameweka kadi ya benki, au ile kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia pesa za simu, kwa ajili ya kulipia tangazo au kuagiza mzigo China, kisha wakasahau kwamba imo. Ikiwa umo katika hao, basi hapa una bahati kuliko kwingine. Google hupokea maombi ya kurudishiwa pesa moja kwa moja ndani ya saa 48 tangu ununuzi. Zikipita hizo hukuelekeza kwanza kwa watengenezaji wa gemu, ingawa ununuzi uliofanywa na mtu wa nyumbani bila idhini yako bado unafaa kuuandikia maelezo. Apple nao wana ukurasa wao wa malalamiko, reportaproblem.apple.com, na miongoni mwa sababu za kuchagua ipo hiyo ya mtoto kununua bila ruhusa. Lakini pesa ikirudi, au ukipinga malipo kupitia benki, kampuni ya gemu inaweza kuifungia akaunti ya mtoto moja kwa moja. Atalia. Mwache alie.

Mwisho kagua salio la kawaida la simu. Huduma za gemu za kujiandikisha hukata shilingi mia kadhaa kila siku, na mtu hudhani ni bando linaisha. Zikague kwenye menyu ya kampuni yako na uzisimamishe. Papo hapo angalia menyu ya mikopo. Anayeijua namba yako ya siri anaweza kukopa kwa jina lako kwenye MoKash ya MTN au Wewole ya Airtel, na mkopo usiolipwa utakufuata wewe, siyo gemu.

Kila utakapolalamika, dai namba ya malalamiko na uiandike. Kampuni ya simu isipokujibu kwa kuridhisha, pesa za simu zinasimamiwa na Benki Kuu ya Uganda chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya mwaka 2020, na malalamiko ya wateja hupokelewa huko. Yahusuyo salio na huduma za kujiandikisha ni ya Tume ya Mawasiliano, UCC. Hawatakusikiliza kama hukuanzia kwa kampuni yenyewe.

Sasa polisi. Sheria ya Watoto ya Uganda inaweka umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai kuwa miaka 12. Kijana wako ana 11, hakuna shitaka linaloweza kusimama. Mzee anajua hilo pengine, anataka tu mtoto aone kaunta na sare. Mimi sikubaliani naye. Mtoto aliyeweza kufuta ujumbe wiki baada ya wiki bila kugunduliwa tayari anajua kuficha, na hofu itamfundisha kuficha vizuri zaidi. Wewe kwa sasa unahitaji aseme kila kitu, na atasema akiwa nyumbani.

Lipo moja hukuniuliza, nami nalisema: waambie wanawake wenzako wa kikundi kabla zamu inayofuata haijafika. Najua lilivyo zito. Lakini ukijaribu kuliziba shimo hilo kwa mkopo wa simu, utakuwa na deni mbili na siri moja, na siri kwenye kikundi cha sokoni haidumu. Nenda na ile karatasi ya miamala, eleza lililotokea, toa ratiba ya kulipa ambayo mtaji wako wa vitenge unaweza kuibeba. Mweka hazina aliyesema mapema husamehewa kwa urahisi kuliko aliyegunduliwa. Kisha pendekeza pesa zisikae tena kwenye laini ya mtu mmoja. Akaunti ya kikundi kwenye SACCO au benki, yenye kuhitaji saini zaidi ya moja, ndiyo mahali pake. Hata bila gemu, mama, simu hupotea kwenye boda kila siku.

Nirudi kwa kijana. Kaa naye, mwambie aifungue gemu mbele yako akuonyeshe alichonunua. Uliza bila kukejeli: hii skini, yaani pambo la bunduki, ni shilingi ngapi? Kuna uwezekano mkubwa hajui. Anajua ni almasi kadhaa. Hiyo siyo ajali. Free Fire wana almasi, Roblox wana Robux, PUBG Mobile wana UC; kila gemu imejitengenezea sarafu yake ili mchezaji aache kufikiria kwa shilingi. Kifurushi cha almasi kinauzwa kwa idadi isiyolingana na bei ya kitu anachokitaka, zinabaki chache mkononi, na zile chache zinamvuta anunue tena. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma ikisema ofa inakwisha. Kisha kuna gurudumu la bahati: unalipa, linazunguka, huenda ukapata nguo adimu, huenda ukapata takataka.

Hapo kwenye gurudumu huwa nasimama. Nchi hii, kwa Sheria ya Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2016, hairuhusu mtu wa chini ya miaka 25 kucheza kamari. Kijana wa miaka 24 mwenye mke na mtoto haruhusiwi kisheria kuweka elfu mbili kwenye mechi ya Arsenal. Lakini mtoto wa darasa la sita anazungusha gurudumu kwa pesa ya mama yake usiku kucha, na hakuna anayemuuliza. Ubelgiji waliliona hili mapema: mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya bahati ndani ya baadhi ya gemu kubwa, unayoyalipia bila kujua kilichomo kama lile gurudumu, ni kamari. Sisi bado hatujafika huko, na sioni dalili kwamba tutafika kabla kijana wako hajaota ndevu.

Nakueleza haya ili wewe na mzee mjue ni nani mnayeshindana naye. Nchini Marekani, Tume ya Shirikisho ya Biashara iliwabana Apple na Google mwaka 2014 kwa sababu ya watoto kununua vitu kwenye gemu bila idhini ya wazazi: Apple wakakubali kurudisha si chini ya dola milioni 32.5, na Google si chini ya milioni 19. Ilionekana mzazi akiandika nywila mara moja, mlango ulibaki wazi kwa dakika 15 kwa Apple na dakika 30 kwa Google bila yeye kuambiwa. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Epic Games, wenye Fortnite. Walikubali kulipa dola milioni 245 za kurudishia wateja, kwa vitufe vilivyopangwa kwa namna ya kumfanya mchezaji anunue bila kukusudia. Ikiwa mawakili wa serikali ya Marekani walihitaji kesi ili kuyafungua hayo, mtoto wa Walukuba aliyenaswa na vitufe hivyo hivyo si mwizi wa kuzaliwa. Amekosa, ndiyo, na kufuta ujumbe kunaonyesha alijua anakosa. Lakini bei hakuiona.

Kwa hiyo ifanyeni bei ionekane. Pitieni karatasi ya miamala mstari kwa mstari, yeye akiandika kando yake kila muamala ni vitenge vingapi vya kuuza. Si faida ya vitenge hivyo ninayosema, ni vitenge vyenyewe.

Halafu kuna swali moja la kumuuliza kwa upole kuliko yote: je, almasi zote ziliingia kwenye akaunti yako? Shilingi 640,000 ni nyingi kwa mtoto mmoja. Dola moja tuihesabu kwa kama shilingi 3,600, na almasi 100 za Free Fire huuzwa kwa takriban dola hiyo moja. Kwa pesa yako angepata almasi zaidi ya elfu kumi na saba. Kwa kuwa namba ya mchezaji ndiyo pekee inayohitajika, mtu yeyote mwenye namba ya siri ya mama fulani anaweza kuwanunulia wengine. Linganisheni namba ya mchezaji ya kijana wako na zile zilizotumwa kwa muuzaji. Zikiwa tofauti, huenda kuna vijana wakubwa wa kwenye vibanda vya gemu au wa shuleni waliomgundua na kumfanya kisima chao, kwa kumbembeleza au kwa kumtisha. Hilo likitokea habari nzima inageuka: kijana wako ndiye aliyetumiwa, na wazazi wa hao wakubwa mnapaswa kukaa nao. Angalieni pia kama aliwahi kuandika namba yako ya simu na ya siri kwenye tovuti zinazoahidi almasi za bure. Hakuna almasi za bure. Ni mitego ya kukusanya namba za siri, na hapo hata mtu mzima asiyemjua angeweza kuchota.

Kuhusu kulizuia lisirudi, nitakupa njia moja ninayoiamini, mengine ni nyongeza. Tenganisha pesa na skrini. Laini yenye pesa iweke kwenye simu ya kitochi, ile ya vitufe, unayotembea nayo kwenye mkoba. Ile simu kubwa iwekee laini nyingine ya bando tu, isiyosajiliwa kwa pesa za simu. WhatsApp yako ya biashara haitasumbuka. Ukishaithibitisha kwa namba ile ile, inaendelea kufanya kazi hata laini ikiwa kwenye kitochi. Kisanduku cha kudai namba ya siri hujitokeza kwenye simu yenye laini. Mtoto akijaribu kununua kitu saa nne usiku kwa namba yako, kitochi kitalia chini ya mto wako, na asubuhi mtakuwa na mazungumzo. Ifute pia programu ya pesa kutoka kwenye simu kubwa, la sivyo umefunga mlango wa mbele ukaacha wa jikoni. Kitochi hakina gemu ya almasi, hakina TikTok, betri yake inakaa siku kadhaa, na herufi zake ni kubwa. Kwa macho yako hilo la mwisho si dogo.

Maana shida ya macho ndiyo iliyotufikisha hapa, tusiipite. Ulimpa mtoto namba ya siri kwa kuwa ulihitaji msaada, na ni akina mama wengi mno wanaofanya hivyo. Miwani ya kusomea ya kawaida haigharimu hata sehemu ndogo ya ulichopoteza. Kapimwe. Wakati ukiisubiri, mtoto anaweza kukuandikia namba ya mpokeaji na kiasi, kisha akupe simu, ageuke, uweke namba ya siri mwenyewe. Vidole vinaijua njia hata macho yasipoiona vizuri.

Ya Google ni ya haraka. Kwenye Play Store gusa picha ya akaunti, nenda kwenye mipangilio, kisha sehemu ya uthibitisho wa ununuzi. Chagua idhini itakiwe kila mara, siyo ile ya kila dakika 30. Ondoa kadi kwenye njia za malipo ikiwa huitumii kila wiki. Kama mtoto ana akaunti yake, iunganishe na yako kupitia Family Link, programu ya Google ya wazazi, ili kila anachotaka kununua kupitia Google Play kikujie wewe kwanza. Kwenye iPhone, Screen Time iliyo ndani ya mipangilio ina sehemu ya kuzima kabisa ununuzi ndani ya programu. Lakini kumbuka hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachomzuia yule muuzaji wa WhatsApp.

Kila jioni, kabla ya kulala, soma salio kwa sauti. Watoto wasikie kwamba mama anajua kilichomo.

Kuhusu gemu yenyewe, sikushauri uikataze milele. Shule zetu zilipofungwa kwa corona, kabisa au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, simu ziliingia mikononi mwa watoto na hazikutoka tena. Kumnyima yako ni kumpeleka kwenye ya rafiki. Mpumzishe hadi muhula uanze, ni adhabu inayoeleweka. Baadaye, ikiwa atakuwa amekusaidia kwenye meza ya vitenge siku za Jumamosi na kulipa sehemu ya deni lake kwa kazi, mnaweza kukubaliana kiasi kidogo cha kununua almasi, tuseme elfu tano kwa muhula. Mnunue pamoja, kitochi kikiwa mkononi mwako. Mtoto anayejua kwamba lipo lango halali ana sababu ndogo ya kuruka ukuta. Baba yake ataona ni kumdekeza. Mwambie na yeye awepo siku hiyo, ndiye atakayembishia bei.

Na ikiwa katika haya yote mtoto ataomba umnunulie simu yake mwenyewe ili "asiguse yako", kama wanavyoomba wote, jibu ni hapana mpaka amalize darasa la saba. Simu yake itahitaji bando, bando litahitaji pesa, na ataitafuta pale pale alipoizoea. Namba mpya ya siri nayo isikae kwenye daftari la mahesabu ya duka. Wanaanza kutafuta humo.